Madume Wanne wa Marwa

Jumatatu, 4 Machi
Kuogesha ng'ombe joshoni tangu asubuhi. Madume wanne wa mume wangu Marwa wamesumbua tena. Umri wa kuhasiwa umewapita. Wanapigana, wanakimbiza mitamba, nyama haishiki. Marwa alisema wasiguswe mpaka arudi. Katika ukoo huu neno la kuhasi hutolewa na mwenye mji, mkuu wa boma, akiwa amesimama zizini. Mwenye mji yuko Nyakunguru, ng'ambo ya Mto Mara, anachimba dhahabu. Miezi minane sasa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mume wangu ameinama mpaka ameingia shimoni.

Jumamosi, 9 Machi
Amepokea simu! Anakohoa. Atakuja Jumapili ya wiki ijayo. Nimefurahi kama msichana, hata naona aibu kuandika.

Jumapili, 17 Machi
Ugali wa mtama, kuku, kitenge anachokipenda. Saa nane. Saa kumi. Giza. Simu haipatikani. Binti yetu Ghati amekula mapaja yote mawili. Heri yake. Wanasema subira huvuta heri. Yangu imevuta mbu tu.

Namtaka mume wangu.

Jumatano, 20 Machi
Madume wamepigana. Mwekundu amechomwa pembe ubavuni. Nimeosha kidonda kwa maji ya chumvi. Mchana akaja mnunuzi kutoka Mugumu, akapapasa migongo yao, akacheka. "Hawa ni wakimbiaji, mama. Mimi nanunua nyama." Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Wangehasiwa mwaka jana, leo wangekuwa maksai wanene.

Nimemwomba shemeji Mwita atoe neno badala ya kaka yake. Amekataa. Mama mkwe ndiye aliyenimaliza: "Ukitoa neno lake akiwa hai, umemzika."

Jumapili, 24 Machi
Simu haipatikani.

Alhamisi, 28 Machi
Nimemwita bwana mifugo. Amekuja na koleo lake la kuhasia. Majirani wameshika kamba. Akauliza mwenye mji yuko wapi, hawezi kuanza bila yeye. Nikasema, "Umesimama naye." Mama mkwe akaingia ndani, akafunga mlango.

Wanne wote, asubuhi moja. Sikulia mbele ya watu. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi.

Jumamosi, 6 Aprili
Marwa amekuja. Bila simu, bila taarifa. Amekonda, kucha zimejaa udongo mwekundu. Nilimshika mkono, sikutaka kuuachia.

Nikampeleka zizini mwenyewe. Nilijua atafoka. Atauliza nani kanipa ruhusa, ataita wazee, jirani watasikia. Nilikuwa na majibu yote tayari. Na kusema kweli nilitaka afoke. Nilitaka sana.

Akawatazama maksai kidogo. Akasema, "Umefanya vizuri, Mama Ghati." Kisha akaniuliza siku hizi gari la asubuhi linapita saa ngapi.

Jumatatu, 8 Aprili
Ameondoka jana. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikabaki pale mpaka vumbi likatulia.

Leo mvua kidogo. Maksai wamelala pamoja, wanacheua. Mama mkwe amekuja, amesimama mlangoni kwangu muda mrefu. Ameuliza wiki hii ng'ombe walishwe mlimani au bondeni. Swali hilo huwa anamuuliza mwanawe, hata kwa simu.

Nimemjibu, bondeni.