Jina la Bihogo Hewani

Mama yangu uliyekwisha kupumzika,

Asubuhi za Bunia bado huanza kwa ukungu, na ndani ya ukungu huo bado ninakuona ukielekea kwenye ajansi ya pesa, kitenge chako kikipepea taratibu, kana kwamba ardhi ilikuwa ikikubeba. Mimi nilikuwa nyuma yako. Nilikuwa nimerudi kutoka Kisangani na lisansi yangu, shahada ya sheria, nikiamini kwamba hakuna mlango usiofunguliwa na hoja iliyopangwa vizuri.

Unakumbuka jinsi pesa zilivyosafiri nyakati zile? Vita vilikuwa vimekata barabara, benki zilikuwa zimefungwa, na pesa zilipita angani kama sauti. Yaya Justin, kaka yangu na mwanao wa kwanza, alilipa kule Kampala. Mtu wa foni, mwendesha redio wa kule, akamwita mwenzake wa Bunia, akampa jina lako, swali moja la siri, na jibu lake. Atakayejibu swali hilo ndiye atakayepewa pesa. Swali alilichagua Yaya mwenyewe: ng'ombe wa mama anaitwa nani?

Bihogo. Mwekundu kama udongo wa Bogoro, kijiji chetu tulikotoka, baada ya mvua, mwenye macho ya mtu anayekumbuka kitu. Ni sisi tu tungeweza kukosea namna hiyo, Mama. Wengine huficha siri zao katika namba. Sisi tuliificha katika jina tulilolisifu kwa sauti kila jioni zizini, mbele ya majirani waliokuja na vibuyu vyao kuomba maziwa. Hata leo nikifumba macho naisikia sauti yako ikimwita, na malisho yote yanageuza kichwa.

Pesa zile zilikuwa za kiti chako katika ndege ya Beni, mbali na vita, iliyokuwa iondoke kesho yake. Tulipofika tuliambiwa zilikuwa zimechukuliwa jana jioni. Mwanamke mmoja alitaja jina lako, akaulizwa swali, akajibu, akaenda zake.

Wanawake waliokuwa wakingoja mlangoni ndio waliotufumbulia. Mawimbi ya redio yalikuwa mabaya siku ile, na mtu wa foni alipiga kelele huku dirisha likiwa wazi, akilitaja jina herufi kwa herufi: "Nakusikia mubaya! Jibu ni Bihogo? Bravo, India, Hoteli, Oska, Golf, Oska!"

"Hata mbuzi ya soko ilisikia, mama," mmoja wao akasema, na wenzake wakacheka.

Shefu, mkuu wa ajansi, hakucheka. "Neno ya siri ilisemwa, pesa ikatoka. Siye hatuna deni."

"Neno lilitoka kwanza katika kinywa cha nani?" nikamuuliza.

"Na weye ni nani?"

"Mwanasheria."

"Ah, metre! Metre bila kravati! Keti kwanza," akasema, akiniita kama mawakili wanavyoitwa kwetu.

Sikuketi. Nilimweleza kwamba anayekabidhiwa amana ndiye mlinzi wake, na kwamba mlinzi anayeupigia ufunguo mbiu hawezi kumdai mwenye nyumba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakugeukia wewe. "Mama, jina ya ng'ombe ni siri gani? Kijiji muzima inajua. Sawa. Uape tu hapa, mbele ya hawa wamama, kama hakuna mutu mwingine alijua hii jina. Ukiapa, ninakulipa sasa hivi."

Nilikubana kiwiko. Kiapo kimoja, kiti kimoja, na kesho ungekuwa Beni. Ulimtazama kama mtu aliyekuomba umkane mtoto.

"Nitaapa namna gani? Bogoro muzima ilikunywa maziwa yake."

"Mama, uape tu," nikanong'ona.

"Mutoto, nyamaza."

Njia nzima hadi nyumbani kwetu, mtaa wa Mbunya, nilibishana nawe. Nilikuambia kwamba kiapo kinachotolewa kwa kulazimishwa hakifungi, kwamba shefu mwenyewe alikuwa akitafuta upenyo tu. Wewe ulitembea polepole, ukiwaamkia watu.

Asubuhi iliyofuata, nikinawa, maji yakinitiririka usoni, hoja ikanijia ikiwa nzima. Nilikimbia hadi ajansi bila kujifuta. "Kulijua jina si kuujua ufunguo," nilimwambia shefu. "Bogoro yote ilijua kwamba ng'ombe anaitwa Bihogo. Hakuna aliyejua kwamba Bihogo anafungua kasha lako, mpaka mtu wako alipolitangaza dirishani. Mama hakuhitaji kuapa lolote. Aliyefichua ndiye abebe hasara."

Akafungua kasha, na alipokuwa akinipa pesa akauliza kwa upole ulionichoma kuliko dhihaka zake zote: "Metre, jana hii maneno ilikuwa wapi?"

Wakati huohuo ndege ya Beni ikapita juu ya mabati. Haikurudi tena kabla mapigano hayajaingia mjini.

Hukunilaumu. Wakati sote tulipokuwa tumeketi sakafuni, mbali na madirisha, ulitusimulia malisho ya zamani kwa sauti ya chini, na milio ya nje ikawa kama mvua inayonyesha katika nchi nyingine. Siku moja ulinikuta nikikutazama. "Usiniangalie hivyo. Kiti nilikosa. Uongo sikusema." Kisha ikaja homa, katika majuma ambayo hapakuwa na mlango wa dawa uliokuwa wazi, nawe ukatutoka polepole, kama ukungu unavyoondoka: mtu hawezi kusema uliondoka saa ngapi.

Tangu hapo ninaishi na kesi moja. Ajansi ilirudisha pesa. Siku ile moja hakuna aliyeirudisha. Nimeipekua sheria yote niliyosomeshwa, nimemshitaki mtu wa foni, yule mwanamke asiye na sura, Yaya na swali lake, mimi na hoja yangu iliyochelewa. Zamani, kwa hasira, nilikushitaki hata wewe. Shitaka hilo nimelifuta, Mama. Hukuwa na deni la uongo kwa mtu yeyote, hata kwa mwanao aliyetaka uishi.

Yaliyobaki ninayabeba mimi, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuyabeba, na sitaki tena mtu anitue mzigo huo. Lala, Mama. Ubishi wangu na uishie hapa, miguuni pako.

Kitinda mimba wako