Nusu ya Jina

Mbeya, Jumanne, 12 Juni 1956

Leo tena nimejikuta nasubiri.

Niliamka kabla hakujapambazuka, nikaoga maji ya baridi, nikajifunika blanketi na kuketi kumkumbuka Mungu kwa kulitaja jina lake, Waheguru, kama sisi Masingasinga tunavyofanya. Nikasema "Wahe". Halafu kimya. "Guru" ilikuwa zamu ya mke wangu. Miaka yote tuliligawana hivyo, nusu mimi, nusu yeye, mpaka kunakucha. Ni miezi minne sasa tangu afariki.

Kulisema lote peke yangu naweza. Lakini siku nitakayozoea, atakuwa ameondoka kweli.

Ningekuwa Iringa ningekwenda hekaluni, nikakaa na wenzangu. Hapa nina mbao na randa tu.

Mama Atupele, anayetuletea maziwa tangu mke wangu akiwa hai, alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza.

"Fundi, mbona siku hizi humalizii?"

Nilikasirika. Nikamwambia sala zangu hazimhusu, aweke maziwa aende zake.

Aliiweka chupa chini taratibu. "Mungu hata nusu anaisikia, Fundi. Wewe unamsubiri mama wa nyumba hii."

Akaondoka, ukungu ukamfunika.

Niliyabandika maziwa jikoni, nikarudi kuketi palepale mpaka yakaungua. Bado nina hasira naye. Lakini tangu msiba uishe, hakuna mwingine aliyemtaja mke wangu mbele yangu.

Kesho nitalisema lote. Au keshokutwa.