Vifungo vya Kenji

Jumanne, mtaa wa Bin Mahmoud, Doha

Bado nimekasirika. Asubuhi Kenji, mtoto ninayemlea, alihangaika na vifungo vya shati mpaka akalia. Nikainama nimsaidie. Madam, mama yake, akanishika mkono.

"Akinyi, ngoja. Kwetu Japani mtu mzima hukaa karibu, anatazama tu. Mtoto anajifunza kujiamini."

Nikaurudisha mkono, lakini ndani nachemka. Kwetu mtoto akilia anabebwa, basi!

Mwishowe Kenji akavifunga vyote, shati limekaa upande, akamrukia mama yake akicheka. Haya, Madam alijua anachofanya.

Jioni nikampigia binti yangu, Kisumu, kwa video. Analia, hataki kusema kwa nini. Nikamtazama tu, kama nilivyofundishwa.

Lakini Madam alisema mtu mzima hukaa karibu.

Mimi niko Doha.