Kila Mwanamke kwa Jina Lake

Queensbury, London
14 Novemba 1973

Dada yangu Mardhiya,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na watoto hawakuchoshi sana. Mie huku sijambo. Baridi imeshaanza kuniingia hadi kwenye meno, lakini leo hata siioni kwa furaha niliyonayo. Kaa kitako nikuhadithie.

Unaijua ile maktaba ninakofanya kazi, inayokusanya habari za chuki dhidi ya Mayahudi na jinsi Wanazi walivyowaua wakati wa vita. Bosi wangu, Bi Adelina, ni Myahudi mwenyewe na ni mwanahistoria. Miaka kumi na miwili alikuwa akiandika kitabu juu ya mji aliozaliwa, kule Ujerumani. Wakubwa wa mji ule walishikilia kwamba wanawake arubaini na watatu wa Kiyahudi walihama salama, ati kwa sababu majina yao hayamo kwenye orodha ya treni iliyowapeleka wenzao kuuawa. Mchapishaji naye akasema bila ushahidi sura hiyo haitoki.

Mapema mwaka huu kazi yangu ilikuwa kunakili orodha mbili, ya wakaazi wa mji na ya treni, kila jina kadi yake, kisha kuzipanga zote kwa majina ya ukoo. Mie nikazipanga kwa jina la mtu mwenyewe. Kwetu mtu ni jina lake, kisha la baba yake, na mwanamke akiolewa habadili kitu. Niliolewa na Rajab, nikaachwa na Rajab, na siku zote ni Jokha binti Muhiddin. Basi kadi mia sita na ushei nikazipanga hivyo. Bi Adelina alipofungua droo aliisukuma ikafunga kwa kishindo. Kisha akaniambia nizipange upya hadi Ijumaa, la sivyo nitafute kazi pengine.

Nikamwomba Nizar anisaidie. Huyu ni mpiga taipu wetu, Mhindi wa Kampala, amekuja mwaka jana na mkewe walipofukuzwa. Kwanza alinicheka, akaniuliza kama Unguja nzima tunapanga mafaili namna hii. Kisha akaanza kunisomea kadi. Akasoma Rosa, kazaliwa tarehe nne Mei 1901. Akasoma kadi iliyofuata, akasita, akairudia. Rosa tena, ukoo mwengine, tarehe ile ile, kijiji kile kile. Orodha ya mji ilikuwa imemwandika kwa jina la mumewe, na ya treni kwa jina la baba yake. Alikuwa mtu mmoja.

Wallahi nikazifunga kadi mbili hizo pamoja kwa uzi. Tukaendelea, Hana na Hana, Klara na Klara, hadi tukawapata wote arubaini na watatu. Kadi ya thelathini na moja ilikuwa ya mama yake Bi Adelina. Nilimpelekea, akaisoma, kisha akaniomba radhi mbele ya wafanyakazi wote.

Kitabu kimetoka na sura yake, na wakubwa wa mji wameandika kukiri kosa lao. Alhamisi iliyopita kulikuwa na mkutano, ukumbi umejaa hadi watu wamesimama. Bi Adelina akasema mbinu ile ni yangu. Nikainuka nikawaambia si mbinu, nilikosea tu, wakazidi kupiga makofi. Kisha akanipa mie niyasome majina. Nilisoma kwa sauti kama niko maulidini, kila mwanamke kwa jina lake, na sikukwama hata pahala pamoja.

Sasa nina neno, na najua utanikasirikia. Siku tuliyoagana uliniapisha nisimtaje tena kaka yetu, kwa vile kumtaja kunakuumiza. Nimevunja kiapo. Niliporudi kutoka ukumbini nilichukua kadi tupu nikaandika: Himid bin Muhiddin, alichukuliwa nyumbani Unguja, Februari 1964, hakurudi. Msiba wao siufananishi na wetu, kila mmoja ana wake. Lakini miaka tisa, dada, tumemkalia kimya kana kwamba alihama salama.

Kadi ina pengo moja. Mie nilikuwa mdogo wenu, tarehe aliyozaliwa siijui. Wewe unaijua. Niandikie.

Wabusu wanao wote, na majirani wote wape salamu zangu. Mwenyezi Mungu akuweke hadi tuonane.

Mdogo wako akupendaye,
Jokha binti Muhiddin