Dadu Mkekani Kabeza

Jumapili, 5 Julai 1992

Tumecheza tangu adhuhuri mpaka adhana ya magharibi. Meza ya kukatia nguo imejaa karanga, ramani na majivu ya sigara za Hamza. Raha tupu.

Mimi ndiye msimulizi. Wenzangu kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi. Nawaambia wamefika wapi, hatari gani iko mbele, kisha nauliza: unafanya nini? Wanajibu, dadu inaamua. Kisanduku cha mchezo aliniachia mwalimu Mfaransa niliyekuwa namshonea suruali, alipokuwa anarudi kwao. Maandishi yote Kifaransa. Sisi tumeyafanya ya Nyamirambo. Joka letu linalala mlima Kigali na linapenda sambusa.

Selestini ni muuguzi na anacheza kama anavyochoma sindano, polepole, bila huruma. Hamza, fundi wa magari kule Nyabugogo, anapigana hata na milango. Mdogo wangu Idi ametupa moja tena. Kanuni yetu: ukipata moja unaanguka, na lazima usimulie mwenyewe umeangukaje, tena kwa ufundi. Ameanguka kisimani amekumbatia kuku wawili. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Mariamu amepita na ndoo, kimya. Mke wangu asiposema kitu, amesema.

Jumanne, 7 Julai

Jibu limekuja kutoka Kabeza. Kwa kina Zaina watatupokea Jumapili ya tarehe 26. Gusaba, siku ya kuomba mke! Idi amemsubiri huyu binti tangu hana hata kitanda chake mwenyewe. Amekuja dukani anacheka peke yake, amekaa juu ya pasi. Pasi ilikuwa baridi, Mungu mkubwa.

Kuna neno moja baya ndani ya jibu. Mfanyabiashara mmoja mwenye duka la jumla naye amebisha hodi. Wazee wa Kabeza wamesema watatusikiliza sisi kwanza. Tukiboronga, wanamsikiliza yeye.

Ijumaa, 10 Julai

Suti ya Idi, makoti ya wajomba, mashati ya wapambe. Zote kwangu, zote kwa undugu. Undugu haununui uzi.

Mariamu ametoa amri: hakuna mchezo mpaka Idi apewe mke. Wanaume wazima wenye ndevu, anasema, mnaogopa joka na kodi ya nyumba hamuiogopi.  Nimekasirika kwa sababu ana haki.

Jumapili, 12 Julai

Sikucheza. Nimeshona.

Akili ilikuwa kwenye ngome ya mchezo, tulikowaacha watu wetu mlangoni. Nimeshtuka mkono wa kushoto wa koti uko kulia. Nimefumua. Nimeshona tena. Uko kulia tena. Nimefunga cherehani nikaenda kunywa chai.

Alhamisi, 16 Julai

Mzee Sefu amekubali kuwa msemaji wetu. Alhamdulillahi. Gusaba ni vita vya maneno, na yeye ni mkongwe wa vita hivyo. Tutaingia, tutasema tumekuja kuomba binti. Wao watajifanya hawana binti, hawatujui, tumepotea njia. Kila kizingiti wanachoweka, msemaji lazima akiruke kwa adabu na kwa utamu. Kila mtu anajua mwisho utakuwaje. Lakini mwenye mdomo mzito anarudishwa nyumbani kweli.

Msemaji wao ni Mzee Athumani, babu mdogo wa Zaina. Hana dogo. Inasemekana aliwahi kuwarudisha watu na ng'ombe wao, mpaka leo hawajaonekana Kabeza.

Jumapili, 19 Julai

Nimeshona tena. Hamza amepita kuuliza kama ngome bado ipo. Nimemwambia ipo. Ameondoka na huzuni yake na karanga zangu.

Redio imeanza habari za vita vya kaskazini. Nimeizima. Koti la Idi limekubali. Bitana ya hariri, rangi ya divai. Sijawahi kushona kitu kizuri hivi, nasema bila haya.

Ijumaa, 24 Julai

Balaa. Mzee Sefu hana sauti.

Jana alikwenda uwanjani kutazama mpira. Timu yake ilifungwa, akamfundisha refa kazi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Leo anafungua mdomo, inatoka hewa tu. Mtu wa miaka sabini! Selestini amemkagua koo na kusema, "Huyu mzee iko na wiki moja ya kunyamaza." Mzee amekubali kwa kichwa, kwa aibu.

Familia yote imekaa barazani kwangu. Wajomba kila mmoja anamtazama mwenzake. Huyu ana kigugumizi, yule ana deni Kabeza. Idi amekaa chini, uso umekuwa kama majivu. Halafu Mariamu ametoka jikoni na kijiko mkononi.

"Si huyu hapa? Kila Jumapili anadanganya watu kutwa nzima, na wanamwomba aendelee."

Watu wamenigeukia mimi. Nilitaka meza inifunike. Wamekubali haraka mno, kama watu walioondolewa gunia mgongoni.

Jumamosi, 25 Julai

Hamza na Selestini wamekuja kunifanyisha mazoezi. Selestini alikuwa Mzee Athumani. Amenikatalia binti mpaka nikamchukia kweli. Mariamu amesikiliza yote kutoka dirishani. Amesema neno moja tu: nyoosha mgongo.

Naogopa. Suti zinaweza kufumuliwa. Maneno yakishatoka, basi.

Jumapili, 26 Julai, nimerudi

Niandike kabla sijasahau.

Tulifika kwa msururu. Mkeka ulitandikwa katikati, sisi huku, wao kule, Fanta na maandazi kati yetu. Mzee Athumani mwembamba, kanzu nyeupe, macho ya mtu aliyeona wengi. Nilisalimu. Nikasema tumeona ua limechanua uani kwao, tumekuja kuliomba. Akasema kwao hakuna maua, mbuzi wamekula yote. Nikasema basi mbuzi wenu watakuwa wanatoa maziwa ya waridi, tungeomba kuonja. Wanawake wakacheka. Moyo ukashuka mahali pake.

Akasema binti ameshaolewa Bujumbura. Nikamuuliza mbona sauti yake tumeisikia jikoni akikosea hesabu ya vikombe. Kicheko tena. Nilikuwa nimechanua, wallahi. Nilisahau kuogopa. Ilikuwa kama Jumapili zangu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mzee Athumani alikohoa, akasema: "Sawa. Tuseme binti yuko ng'ambo ya Nyabarongo. Mto umefurika, daraja limekwenda na maji. Kijana wenu amesimama ukingoni na ng'ombe wake. Anafanya nini?"

Anafanya nini. Swali langu mwenyewe! Mkono ukaingia mfukoni kabla ya akili kufika. Dadu ilikuwemo, kila Jumapili huwa imo. Nikaitupa. Ikagonga chupa ya Fanta, ikajiviringisha, ikatulia katikati ya mkeka wa wenyewe.

 Shangazi mmoja akasema "Astaghfirullahi" kwa sauti ya chini, na kila mtu aliisikia.  Dadu, mbele ya wazee wa Kiislamu, siku ya kuposa. Idi hakuinua kichwa. 

"Umeniletea kamari nyumbani?" Mzee aliuliza taratibu. Bora angefoka.

Sikuwa na uongo uliobaki. Nikasema kweli. Si kamari, mzee wangu. Sisi ni watu wanne, Jumapili tunakaa tunatungiana hadithi. Hakuna anayekula hela ya mtu. Hiyo inatuambia tu kama mtu amepita au ameanguka. Nimeitupa kwa mazoea, na naomba radhi kwako na kwa nyumba hii, na kosa ni langu, si la kijana.

 Akainama juu ya mkeka.

"Imesema ngapi?"

"Moja, mzee."

"Moja ndiyo nini?"

"Ndiyo kuanguka."

"Basi posa yenu iko majini," akasema. "Haya. Mtoe."

 Liwalo na liwe. Nikamtumbukiza Idi mtoni. Maji yakachukua viatu. Yakachukua kofia. Yakachukua koti, na hapo niliumia kweli, nikawaeleza bitana yake, rangi yake, jinsi lilivyoelea likienda zake kuingia mto Akagera kama bwana mkubwa. Ng'ombe yeye anajua kuogelea kuliko mposaji. Amevuka, amepanda kilima, amefika Kabeza peke yake, na nyie watu wa hapa kwa ukarimu wenu mmemfungulia mlango na kumpa majani bila kuuliza ni wa nani. Sasa mwenyewe anafika nyuma. Hana kiatu. Hana koti. Hana hata msemaji, maana msemaji wake ameaibika mkekani. Amebaki na neno moja tu ambalo maji hayakuweza kulichukua, na neno hilo ni Zaina. Mzee wangu, ng'ombe mmeshampokea. Mwenye ng'ombe mtamwacha nje amelowa?

Aliyeanza ni yule shangazi wa astaghfirullahi. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Halafu vigelegele, halafu wote. Mzee Athumani alijifuta macho kwa ncha ya kanzu.

"Mleteni huyo aliyelowa," akasema. "Na binti aletewe taulo ampe."

Zaina alitoka na taulo kweli! Idi alilia mbele za watu. Nami nililia, sikuona haya.

Wakati wa kuaga mzee alinishika mkono. Dadu alikuwa ameifunga ndani ya leso yake, akanirudishia. "Hadithi zako ni halali," akasema. "Hiki hapana. Tafuta kitu kingine, mwanangu." Nikasema nimesikia, baba.

Jumatatu, 27 Julai

Mtaa mzima unajua. Muuza mkaa ameniuliza kama nimekauka. Mfanyabiashara wa duka la jumla, nasikia, ameshapeleka posa Gitarama. Mzee Sefu amenipongeza kwa kuandika kwenye kipande cha gazeti.

Dadu nimeitoa ndani ya nyumba. Nimeahidi. Jioni nimekaa mbele ya meza ya kukatia nikaona mchezo umekwisha.

Jumapili, 2 Agosti

Asubuhi baridi, vumbi limetulia. Nimeamka nikakuta kitu juu ya meza. Mfuko mdogo, kitambaa cha bitana ile ya divai, mabaki. Umeshonwa kwa mkono. Mishono mikubwa, haikunyooka, si ya fundi. Ndani vifungo sita, kila kimoja kimeandikwa namba kwa kalamu, moja mpaka sita.

Mariamu alikuwa nje anaanika nguo. Nimemtazama dirishani. Hakugeuka.

Nimeutia mkono ndani ya mfuko, nikachanganya, nikachomoa kimoja bila kutazama. Halafu nimefagia meza, nikaweka karanga.