Tundu la Mama Opal

Mpendwa Bi. Hattie, safu yako gazetini naisoma kila Jumapili na huwa nawacheka wanaokuandikia, leo zamu yangu imefika, tafadhali usinicheke. Mimi nakusanya sarafu za dhahabu za Marekani, zile za mwanzo kabisa, na kwa miaka thelathini na moja nimepata tisa tu, lakini niliyoipenda kuliko zote si yangu, ni ya mke wangu Verna, sarafu ya dola tano ya mwaka 1803, aliyopewa na mama yake, Opal, siku tulipooana, na Opal naye alipewa na mama yake, na wote waliivaa shingoni kwa sababu bibi mmoja wa ukoo aliitoboa kwa msumari, kwenye kofia ya mwanamke aliyechorwa pale, tundu lenyewe limeenda upande. Kwetu sisi wakusanyaji tundu ni msiba, linaua thamani ya sarafu. Niliwahi kuipeleka kwenye klabu yetu, tunakutana kwenye chumba cha chini cha kanisa la Walutheri, mwenzetu Duane akaichungulia akasema mbele ya wote, "Wendell, hii ni sarafu au kifungo cha koti? Si ungeleta na uzi!" Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, nami nikacheka, lakini iliniuma.

Basi Februari, Verna alipolazwa hospitali kule Columbus kwa operesheni ya macho, nikaitoa sarafu kwenye mkufu wake nikampa fundi, akaliziba tundu kwa dhahabu, akaichonga upya kofia, akaniambia, "Mzee, hata uweke lenzi, huoni kitu." Ni kweli huoni kitu. Ila operesheni haikufaulu, Verna sasa anaona mwanga wa dirisha tu, na binti yetu Joleen anaolewa tarehe kumi na nne Juni, na juzi mezani Verna akasema, "Wendell, niletee sarafu ya Mama, nikae nayo kidogo kabla sijamvalisha mtoto," nikamdanganya kwamba iko benki. Akasema, "Haya, siku ukienda benki basi. Lile tundu nimelichezea kwa kidole tangu nikipakatwa na Mama." Nilitoka nikaenda kusimama gereji. Je, nitoboe jingine kimyakimya? Moyo wangu wa mkusanyaji unakataa kuiharibu sarafu ile mara ya pili, naona aibu hata kuandika hivyo.

Wendell K., Zanesville, Ohio

Wendell, sikucheki. Nimekukasirikia. Pole sana kwa macho ya Verna, nasema kwa moyo wote, na sasa nisikilize.

Mkeo yuko hospitalini, wewe unafungua mkufu wake ili Duane asikutanie tena. Usijidanganye kwamba uliiponya ile sarafu. Haikuwa mgonjwa. Mgonjwa alikuwa Columbus.

Eti utoboe jingine kimyakimya! Kidole kilicholizoea tundu la upande tangu utotoni utakidanganya wewe? Atagundua siku ya harusi, wageni wamekaa, na hapo hatapoteza kumbukumbu ya mama yake tu. Wewe ndiye macho yake sasa, bwana. Ukimwambia ngazi imeisha, anakanyaga. Akishaacha kukuamini atatembeaje ndani ya nyumba yake?

Leo hii, gazeti likiwa bado mkononi mwako, kaa naye mezani na umwambie yote, kabla hujampa sarafu aipapase. Akilia, usithubutu kutaja ilikuwa na thamani gani. Akikununia wiki nzima, pika, osha vyombo, nyamaza, na usimtume Joleen akuombee msamaha.

Kisha aamue yeye. Akitaka itobolewe, chukua msumari na nyundo, yeye akuonyeshe mahali kwa kidole, nawe upige, moyo wako wa mkusanyaji utake usitake. Halitakuwa tundu la Opal. Lile limekwisha, umelimaliza wewe, na hakuna fundi wa kulirudisha. Verna atalipapasa hilo jipya, atakuuliza kama limefanana na la zamani. Mwambie hapana.