Ujumbe Niliolala Nao

Ngomeni,
Jumamosi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikitumaini kwamba uvimbe wa miguu umepungua, na kwamba Bibi anakunywa dawa zake bila kugombana na mtu. Mimi ni mzima. Maji ya huku yana chumvi kidogo, lakini chai yake nimeshaizoea.

Umeniuliza mara mbili kwa nini nakujibu kwa mkato kwenye simu. Chumba tulichopewa na shule ni kimoja, na Rehema, mwenzangu wa chuo tunayefanya naye mazoezi ya kufundisha, huwa yumo. Na haya ninayotaka kukwambia yanamhusu yeye. Mama, namwonea wivu. Neno hilo nimelizunguka wiki tatu, leo nimeliandika.

Kila mmoja wetu ana Gredi ya Nne yake, na ukuta ulio kati ya madarasa yetu haufiki juu. Nikifundisha nawasikia watoto wake wakicheka. Wangu hawacheki. Nawauliza, "Mmeelewa?" nao wanaitika kwa pamoja, "Tumeelewa, mwalimu," nami naandika kwenye andalio langu kwamba somo limefaulu.

Juma lililopita sote tulifundisha vipimo vya urefu. Nilichora rula kubwa kwenye karatasi ya manila, kwa rangi tatu, kisha nikauliza darasa letu lina urefu gani. Mbwana, mtoto wa mvuvi, akasimama, akatanua mikono yote miwili kama wanavyopima kamba za nyavu kwao, akasema, "Pima nne, mwalimu."

Nikamwambia, "Hicho si kipimo. Kaa."

Akakaa. Na wenzake wote wakakaa naye, Mama, ijapokuwa walikuwa wameshakaa. Hakuna mkono ulioinuka tena.

Kipindi kilichofuata nikasikia upande wa pili, "Haya Zainabu, tupimie darasa kwa pima zako. Nawe Kazungu, mlingoti wangu, mfuate." Zainabu akapata sita, Kazungu akapata tano.

"Mwalimu, Kazungu ameiba!"

"Hakuiba, mikono yake ndiyo mirefu. Sasa tumwamini nani?"

Wakabishana hadi wakachoka, ndipo Rehema akawatolea rula ya mita. Nilisimama na chaki mkononi nikaona uchungu. Pima zile ziliingia darasani kwangu kwanza, na mimi ndiye niliyezifukuza.

Sasa nikueleze ubaya wangu. Mwalimu mkuu alitwambia kwamba tukimaliza chuo shule itambakisha mmoja wetu, kwa kufuata ripoti ya mkaguzi wa chuo. Unajua ninavyoitaka kazi hiyo. Jumatano jioni aliniita, akasema, "Kadzo, mgeni wenu haji Ijumaa tena, anakuja kesho. Mwambie na mwenzio." Nikaitika. Nikaenda chumbani, nikapika, tukala, nikapanga faili langu, nikanyamaza. Nilijua kwamba Rehema hajaandika maandalio ya wiki nzima. Yake huyabeba kichwani.

Nilimwambia asubuhi, tukiwa bombani. Akaiweka ndoo chini.

"Leo? Nawe umejua lini?"

"Sasa hivi," nikasema.

Wakati wa gwaride aliketi kwenye ngazi akaandika maandalio mawili. Mkaguzi alilisifu somo lake, lakini akamkata alama za faili. Kwangu alilisifu faili, kisha akampa Mbwana rula apime dawati. Mbwana akaigeuzageuza, akanitazama usoni, asipime. Mkaguzi akaniandikia: wanafunzi wako wanakuogopa.

Jana niliwaambia watoto kwamba nilikosea, pima ni kipimo. Nikamwomba Mbwana anipime mimi, kuanzia kichwani hadi miguuni. "Pima na shubiri mbili, mwalimu," akasema. Wakacheka kidogo, kama watu wanaojaribu kiti wasichokiamini. Nilitamani wasikike ng'ambo ya ukuta, kwa hiyo wivu bado ninao.

Ripoti haijatoka. Linaloniumiza zaidi ni kwamba Rehema anawaambia walimu, "Asingekuwa Kadzo pale bombani, ningeadhirika." Nimeazimia kumwambia kesho, kabla ripoti haijaja. Ikija kwanza, na iwe imenipendelea, naogopa sitaweza tena. Niombee.

Nisalimie Bibi, na Baba mdogo Charo, fundi wa baiskeli. Mdogo wangu Dama mwambie asimwitikie mwalimu kwamba ameelewa kama hajaelewa.

Rehema ameingia sasa hivi, ameona karatasi. "Wamwandikia mama? Mwambie Rehema amsalimu sana, na korosho zikiiva atukumbuke."

Salamu zake ndizo hizo, Mama. Nimekufikishia papo hapo.

Ni mimi bintiyo,
Kadzo